Muulize Mwalimu: "Mama yetu yuko wapi humu?"

Barua ya kwanza

Shikamoo Mwalimu. Naishi Dar es Salaam ila kwetu ni Old Moshi. Bibi yetu mzaa baba alifariki mwaka jana, na Desemba hii ukoo wote unapanda nyumbani kwa ibada ya shukrani. Kamati imenipa kazi ya kuandika kijitabu cha maisha yake, eti kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nimeandika kurasa nane. Shangazi alizisoma akanirudishia akisema, "Hii ni historia ya Nyerere. Mama yetu yuko wapi humu?" Nakutumia uone mwenyewe. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1932, lakini hakuna mwenye uhakika. Hakupita darasa la pili, hakuwahi kuajiriwa, hakushika uongozi wowote isipokuwa uweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani. Alilima, alilea watoto tisa, aliuza ndizi. Nitajazaje kurasa bila kumzulia mambo?
— Mjukuu, Tabata

Jibu

Marahaba, mjukuu wangu. Kurasa zako nimezisoma na kalamu nyekundu mkononi, maana mwalimu wa historia hastaafu sawasawa. Shangazi yako amesema kweli. Ukurasa wa tatu wote, tangu Azimio la Arusha hadi Vita vya Kagera, bibi hatajwi hata mara moja, na anaporudi ukurasa wa nne tayari ni mjane. Babu amefia katikati ya Ujamaa na Kujitegemea wala hukutuambia.

Chukua sentensi yako hii: "Bibi alishuhudia nchi ikipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961." Alishuhudia akiwa wapi? Uwanja wa Taifa kule Dar es Salaam? Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kibo na mwenge na bendera, na bibi yako alikuwa ubavuni mwa mlima huohuo, nyumbani kwake, na watoto wa kulisha. Muulize shangazi: mwaka ule mama alikuwa na mimba ya nani? Nani alikuwa mgongoni? Watoto tisa ni kalenda bora kuliko hiyo uliyoikopa kwenye kitabu cha shule. Mama yangu mzazi aliukumbuka Uhuru kwa mbuzi. Baba alimchinja mbuzi ambaye mama alikuwa amemweka amuuze kwa ajili ya ada ya kaka yangu, na mpaka anazeeka ukimtajia Desemba 1961 alianza na mbuzi, halafu ndiyo bendera. Hakuwa mpinzani wa Uhuru, uelewe. Alishangilia kama wenzake. Lakini kaka alirudi shule akiwa amechelewa, na hilo nalo ni sehemu ya siku ile.

Tuanze na mwaka wa kuzaliwa. Hiyo tarehe 1 Januari ni ya karani. Wazee wengi wasiokuwa na cheti walipewa siku hiyo, na nusu ya marika ya bibi yako husherehekea pamoja bila kujuana. Nenda usharikani, omba kwa adabu kitabu cha ubatizo na cha kipaimara, na usitafute jina moja. Mwanamke wa wakati ule anaweza kuwa ameandikwa kwa jina la ubatizo, kwa jina la nyumbani la Kichagga, au kama binti wa fulani. Kama alibatizwa Kidia kabla ya 1938, huenda ni zama za Bruno Gutmann, mchungaji Mjerumani aliyekaa Old Moshi miaka mingi, ukiacha ile aliyokuwa kwao baada ya vita ya kwanza. Kitabu kikikosekana, rudi kwenye masimulizi yake. Alikuwa akisimulia nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930? Alisimulia kama aliyewaona au kama aliyesikia? Alikumbuka wamisionari Wajerumani walivyoondolewa vita vya pili vilipoanza? Mtoto anayekumbuka hilo hakuzaliwa juzi yake. Andika "kati ya mwaka fulani na fulani", hakuna atakayekushtaki.

Sasa nifike penye kiini. Umeandika aya mbili safi kabisa kuhusu kahawa: wakulima wa Kilimanjaro walivyoanzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao, na jinsi muungano wa ushirika wa KNCU ulivyozaliwa 1933. Alama zote nakupa. Halafu unaandika, "Familia yetu ilikuwa mwanachama." Familia haikuwa mwanachama, babu yako ndiye alikuwa mwanachama. Kadi ya chama cha msingi ilikuwa na jina lake, risiti zilikuwa na jina lake, na malipo ya kwanza, ya pili na ya mwisho alikwenda kuyapokea yeye, akarudi nyumbani saa aliyotaka mwenyewe. Nani alichuma? Nani alimenya usiku, akaosha, akaanika, akakimbilia kufunika mvua ilipotishia? Babu alipopulizia mrututu, ile dawa ya bluu ya mikahawa, nani alibeba maji ya kuchanganyia? Wengine tuna doa la bluu kwenye gauni la kwanza tulilolikumbuka maishani, gauni la mama, na hatukujua kwamba ni historia ya ushirika.

Kahawa ina risiti, ndizi haina. Ndiyo maana umeandika maisha ya babu ukaweka jina la bibi juu ya jalada.

Katika kihamba kilekile, yaani shamba la nyumbani, chini ya kivuli cha migomba ileile, kahawa ilikuwa ya mume na ndizi zilikuwa za mke. Hakuna mzee wa kwetu atakayekubishia. Mkungu wa mshare au wa kisukari aliukata, akauweka kichwani juu ya ngata, akashuka nao sokoni Kiboriloni au Mbuyuni, na pesa yake haikupita kwa mwenyekiti yeyote. Ilikuwa chumvi, mafuta ya taa, daftari, kiberiti, sadaka. Siyo pesa ndogo ukiijumlisha kwa miaka hamsini, ila hakuna aliyeijumlisha. Wewe ijumlishe. Waulize wanawe: shilingi ya kwanza uliyopewa na mama ilitoka wapi, alikuwa anaifunga wapi? Kwenye pindo la khanga? Alikuwa akitumia zile senti za tundu za zamani, na mwaka 1966 shilingi ya Tanzania ilipotoka alizibadilisha zote au kuna zilizobaki kwenye kopo? Alikuwa na mteja wa kudumu mjini? Alirudi na nini kichwani? Maana mwanamke wa mlimani hakupanda mikono mitupu. Alishuka na ndizi, akapanda na majani ya ng'ombe aliyoyakata tambarare. Fanya mwenyewe njia hiyo kwa miguu Desemba hii, kabla hujaandika "alikuwa mchapakazi". Na kuni? Kama alikuwa akipanda kuzitafuta kwenye msitu wa Nusu Maili, ule ukanda uliotengwa 1941 kwa matumizi ya wananchi, basi alikuwa na njia mbili, ya juu na ya chini, na maisha yake yalikuwa katikati.

Ukishakuwa na hizo njia mbili, matukio yako makubwa yatakuja yenyewe kumtafuta. Mfano: Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mwaka 1976, wakati mlima mzima unaanza kuzinusa hizo pesa, serikali ikavivunja vyama vya ushirika. Umeyataja yote mawili kama taarifa ya habari. Mimi nataka kujua kama ndiyo mwaka ambao bati la nyumba ya bibi lilibadilishwa, au kama babu alinunua redio. Bei ilipokuja kuanguka baada ya makubaliano ya kahawa ya kimataifa kuvunjika 1989, kuna vihamba ambavyo mikahawa iling'olewa. Kwenu iling'olewa? Na ndizi zilipobaki ndilo zao pekee la pesa, je, wanaume wa nyumba hawakuanza kuzihesabu na zenyewe? Swali hilo muulize shangazi mkiwa wawili tu.

Halafu ile miaka ya shida. Mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977 ukakaa hivyo hadi 1983, na katikati yake tukapigana na Idi Amin. Umeandika "hali ya uchumi ilikuwa ngumu". Mjukuu wangu! Sabuni hakuna, tukafulia majani ya mpapai. Sukari ni kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, na foleni unaikuta imeshapangwa mawe na makopo ya watu waliokwenda kunyonyesha kwanza. Unga wa mahindi ya njano tukauita Yanga, na wapo waliokula wakiapa wao ni Simba. Mwanamke mwenye watoto tisa alifanya nini? Kama alikwenda Taveta, upande wa Kenya, kwa njia za panya akarudi na miche ya sabuni tumboni kama mjamzito, liandike. Najua 1983 palikuwa na msako wa wahujumu uchumi na watu wakafukia vitenge migombani, lakini huyo hakuwa mhujumu, alikuwa anafua nepi. Kama hakwenda, alikopa kwa nani?

Ile nusu ukurasa kuhusu Waganda waliokutana Moshi Machi 1979 kuandaa serikali ya baada ya Amin ifute. Ni jambo kubwa, sikatai, na lilitokea si mbali na soko lake. Ibaki tu ikiwa mkungu wake mmoja uliishia jikoni kwa wajumbe. Badala yake tuambie kama kuna mwanawe aliyechukuliwa kwenda vitani, na alipata lini habari kwamba yu hai.

Kura pia umeiruka, na kwa mwanamke wa umri wake si jambo dogo. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulidai elimu, kipato au cheo. Yeye asingepita mlangoni. Mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walishindana karibu kila jimbo, na kwa ajili ya wasiojua kusoma mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Mama yangu alisema alichagua nyumba kwa sababu jembe alishalishika vya kutosha. Muulize yeyote aliyekwenda kituoni na bibi, kama bado yupo, alichagua nini.

Nimekuachia mwishoni kitu kilichoniudhi kuliko vyote. "Isipokuwa uweka hazina." Isipokuwa! Mwanamke wa darasa la pili amekabidhiwa pesa za wenzake, wanawake wanaojua kila senti ilivyotoka jasho, na wakamwachia. Miaka mingapi? Kabla yake alikuwa nani na kwa nini aliondolewa? Na alijifunzia wapi kuandika hesabu? Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1975 palikuwa na mtihani wa kisomo nchi nzima. Akina mama walifika darasani jioni na mtoto mgongoni, mikono bado inanuka maganda ya ndizi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliowafundisha, nikiwa binti mdogo, nawaona aibu kuwasahihisha. Ulizia cheti. Halafu ulizia daftari la kikundi. Likipatikana, utakuwa na mwandiko wake, majina ya rafiki zake, nani alichelewa kulipa, nani alisamehewa, mwezi gani michango ilishuka na msiba wa nani. Hilo daftari ndilo ukurasa wa kwanza wa kijitabu chako, lipige picha uliweke zima hata kama lina doa la chai.

Unapowahoji wazee usiulize, "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mpenda watu, kama marehemu wote wa Kilimanjaro. Uliza aligombana na nani kuhusu mfongo, ule mfereji wa maji, zamu ya maji ilipoibwa. Uliza alicheka nini. Na hiyo tisa, hakikisha kama ni waliozaliwa au waliobaki, maana huko nyuma kabla ya hospitali ya KCMC kufunguliwa 1971 na hata baadaye, wapo waliozikwa kihambani bila kuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote ila ya mama yao. Hili shangazi ndiye mwenye ruhusa. Akisema lisiandikwe, lisiandikwe.

Kurasa nane zitatosha. Azimio la Arusha lipe mstari mmoja.

Barua ya pili

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mmeru. Mama yangu ni mzee sana sasa, na alikuwa binti mdogo Ngarenanyuki watu walipofukuzwa. Nimejaribu kumrekodi kwa simu mara nyingi. Anajibu neno moja, "Tulihama," kisha anaomba chai. Nifanye nini kabla hajaondoka na habari yake?
— Mwana wa Usa River

Jibu

Marahaba. Kwanza iweke simu mfukoni.

Yale ya Novemba 1951 mama yako anayajua kuliko mimi na wewe, ila aliyapitia akiwa na kimo cha mtoto. Serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao iwe ya wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, na watu wakatakiwa wahamie Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kulilia ardhi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Dunia ikasikia, ardhi haikurudi wakati ule. Hayo yapo kwenye vitabu na hayahitaji kutoka kinywani mwa mama yako. Usimfanye athibitishe.

Mtoto hakumbuki "kufukuzwa". Anakumbuka ng'ombe fulani kwa rangi yake, nani alimbeba mdogo wake, walilala wapi usiku wa kwanza, kibuyu kipi kilivunjika. Siku mkiwa mnamenya ndizi, au mnachambua maharage, uliza jambo moja la namna hiyo, kisha nyamaza. Uliza ng'ombe walikuwa wa rangi gani. Akijibu, usirukie swali jingine. Akiomba chai, mletee chai. Akitaka kwenda kupaona, mpeleke akiwa na dada yake au jirani wa rika lake, si na wajukuu wanaopiga picha. Wazee wawili wakianza kubishana mto ulipita wapi, wewe sikiliza tu.

Na akibaki na neno lake hilo moja, andika hivyohivyo: "Aliposimulia Ngarenanyuki, mama alisema, 'Tulihama.'" Usiongeze machozi ambayo hukuyaona.

Barua ya tatu

Mwalimu, sisi ni wa Uru. Tunaandaa wasifu wa bibi, naye kwa miaka mingi alikuwa akipika mbege na kuuza nyumbani. Baba anasema tusiandike kwa sababu utasomwa kanisani. Mimi naona ni uongo kuacha. Tuamulie.
— Wajukuu, Uru

Jibu

Andikeni. Na andikeni vizuri, si "alijishughulisha na biashara ndogondogo".

Mbege si jambo la kubahatisha. Ndizi zipikwe na kuachwa zikae siku zake, ulezi uoteshwe, ukaushwe, usagwe, upikwe uji, na msesewe, lile gome chungu la mti, uingie kwa kipimo ambacho mikono yake ilikijua. Ukizidisha ni uchungu mtupu, ukipunguza wanywaji wanahamia kwa jirani. Alipika akijua lini kuna posa, lini kuna msiba, lini malipo ya kahawa yametoka. Pesa za kahawa za wanaume wa kijiji kizima zilikuwa zikipita getini kwake zikiwa zimeshikwa kwenye kata ya mbege, na kiasi fulani kiligeuka viatu vya watoto. Hilo ni somo la uchumi, lipeni aya yake.

Baba yenu ana umri gani? Kama alianza shule kabla ya 1973, ada ya shule ya msingi ilipofutwa, basi kuna mtu aliyekuwa akiilipa. Mkae naye, mumuulize taratibu ilitoka mfuko gani. Nadhani baada ya hapo atawaruhusu, na pengine ataomba asome yeye mwenyewe aya hiyo.